Katolewa shotstopu, kapelekwa kituo cha pili: je, ameshushwa?

Swali: "Mwanangu ana miaka 16, anasoma sekondari hapa Texas tulikohamia. Tangu aanze besiboli amekuwa akicheza shotstopu, yaani mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Msimu huu kocha kamhamishia kituo cha pili, na baba yake ameumia sana. Anaona kijana ameshushwa na ndoto ya kucheza kwa malipo imekwisha. Sisi wazazi hatukukua na mchezo huu. Naomba mtueleze: ni kweli ameshushwa? Na kazi ya mlinzi wa ndani inakwendaje tangu kusajiliwa hadi kustaafu, na pesa zake zikoje?"

Jibu: Mama, mwambie baba kijana atulie. Walinzi wengi wa kituo cha pili na cha tatu mnaowaona kwenye ligi kuu walianza wakiwa mashotstopu. Shuleni, mtoto mwenye mikono mizuri na miguu myepesi kuliko wenzake ndiye anayepewa nafasi hiyo. Ndiyo maana timu za kulipwa husajili mashotstopu wengi kuliko nafasi zilizopo, zikijua fika kwamba wengi wao watahamishwa. Katika kazi hii kuhama nafasi ni jambo la kawaida kabisa. Anayeharibikiwa ni yule anayekataa kuhama, au anayehama bila kujifunza kazi mpya.

Ili mwone kwa nini makocha huhamisha, angalieni uwanja. Vituo vinne vinafanya mraba, na kutoka kituo hadi kituo ni mita 27.43. Walinzi wa ndani ni wanne: wa kituo cha kwanza, wa cha pili, wa cha tatu, na shotstopu anayesimama kati ya cha pili na cha tatu. Wapigaji wengi ni wa mkono wa kulia, na mipira yao ya chini huelekea zaidi upande wa shotstopu. Huko huko ndiko kwenye safari ndefu ya kurusha: kutoka kituo cha tatu kukatiza hadi cha kwanza ni mita 38.8, na shotstopu aliyekimbilia pengo lililo kati yake na kituo cha tatu, kwa nyuma, hurusha umbali huo au zaidi, mara nyingi mwili ukiwa bado unavutwa upande usiotakiwa. Mpigaji wa kulia mwenye mbio za wastani hufika kituo cha kwanza kwa takriban sekunde 4.3, wa kushoto mwenye kasi, sekunde 4.0. Ndani ya muda huo mpira uviringike, udakwe, utolewe kwenye glovu, urushwe, ufike.

Hapo ndipo nguvu ya mkono inapoamua. Mashotstopu wa ligi kuu hurusha kwa wastani wa karibu kilomita 138 kwa saa, na mwaka 2023 Elly De La Cruz wa Cincinnati alipimwa akirusha kwa kilomita 160 na kitu. Kwenye maonyesho ya vijana wa sekondari, mlinzi wa ndani anayefikia kilomita 137 huanza kuandikwa kwenye madaftari ya wasaka vipaji. Kijana wa miaka 16 aliye kwenye 120 hajakosa maisha, maana bado anakua, lakini kwa leo kituo cha pili kinamfaa zaidi kwa sababu umbali wa kurusha ni mfupi.

Muulizeni kocha swali moja tu: umemhamisha kwa ajili ya mkono, kwa ajili ya hatua ya kwanza, au kwa sababu kuna mwingine bora? Ikiwa ni mkono, kuna mazoezi ya nguvu na ya kurusha mbali ya kufanya kwa miezi. Ikiwa ni hatua ya kwanza, tatizo huwa ni kusimama kwa visigino mrushaji anapoachia mpira. Mlinzi anatakiwa awe amefanya kiruko kidogo na kutua kwa mbele ya nyayo mpira unapofika kwa mpigaji, si kabla na si baada. Na ikiwa ni mwingine bora, basi hakuna ubaya wowote. Timu inao wawili wazuri, na wote wanacheza.

Sasa chukueni mfano wa Marcus Semien, ambao nadhani kila mzazi wa mlinzi wa ndani angepaswa kuujua. Mwaka 2008, akitoka sekondari, timu ya Chicago White Sox ilimchagua katika raundi ya 34 ya drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Hakusaini. Akaenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 2011 timu hiyo hiyo ikamchagua tena, safari hii raundi ya 6. Alifika ligi kuu mwaka 2013, akauzwa Oakland, na mwaka 2015 akacheza shotstopu msimu mzima na kufanya makosa 35 ya ulinzi. Makosa 35 ni mengi mno, na watu wengi walikuwa tayari wamemfuta. Mei mwaka huo Oakland ilimleta kocha Ron Washington, wakaanza kazi kila siku kabla ya mechi: mchezaji amepiga magoti, glovu ndogo bapa isiyo na kina mkononi, kocha akiwa hatua chache mbele yake akimrushia mipira inayodunda karibu na vidole. Magoti yakiwa chini hakuna miguu ya kutegemea, na glovu bapa haisamehe. Mikono inalazimika kuukuta mpira mahali sahihi na kwa ulaini.

Kufikia 2019 Semien alishika nafasi ya tatu katika kura za mchezaji bora wa ligi yake, akiwa shotstopu. Mwaka 2021 alikwenda Toronto kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 18. Toronto ilikuwa tayari na Bo Bichette pale shotstopu, kwa hiyo akakubali kituo cha pili. Msimu huo alipiga homurani 45 (mipira inayovuka ukuta wa uwanja), rekodi kwa mlinzi wa kituo cha pili, na akapata tuzo ya Glovu ya Dhahabu katika nafasi aliyoihamia. Kisha Texas Rangers, hapo hapo jimboni kwenu, wakampa miaka saba kwa dola milioni 175, huku Corey Seager akisajiliwa kuwa shotstopu. Mwaka 2023 wakachukua ubingwa. Baba akisema kituo cha pili ni kushushwa, mpeni habari hiyo.

Kuna jambo jingine lililopandisha thamani ya kituo cha pili. Hadi 2022 timu ziliruhusiwa kuwapanga walinzi popote, na mlinzi wa kituo cha pili mzito angeweza kufichwa nyuma kwenye majani. Tangu 2023 kanuni inataka walinzi wote wanne wa ndani wawe na miguu kwenye eneo la ndani mrushaji anapokuwa tayari, wawili kila upande wa kituo cha pili. Sasa anayesimama pale lazima akimbie kweli kushoto na kulia.

Kazi mpya yenyewe ina mambo ambayo shotstopu hakuyazoea. La kwanza ni mzunguko wa mpira. Mpigaji wa kulia anapousukuma mpira upande wa kituo cha pili, mara nyingi rungu linaukata pembeni, na mpira unaviringika huku ukijipinda kuelekea mstari wa kituo cha kwanza. Anayeukimbilia kwa mstari ulionyooka, kama alivyozoea upande wa pili, unampita kushoto kwake. Dawa yake ni kupigiwa mipira mingi ya aina hiyo hiyo na mtu anayetumia rungu kutoka upande wa kulia wa kituo cha nyumbani. Mipira ya kurushwa kwa mkono haina mzunguko huo.

La pili, na hili ndilo hasa, ni kuwatoa wawili kwa mpigo: mkimbiaji anayekuja kituo cha pili, kisha mpigaji anayekimbilia cha kwanza. Shotstopu akienda kituo cha pili anamwona mkimbiaji na anamwona wa kumrushia; uwanja wote uko mbele yake. Mlinzi wa kituo cha pili anapokea mpira akitazama upande wa kituo cha tatu, na mkimbiaji anakuja kutoka upande wa mgongo wake. Njia ya msingi ya kumfundisha ni hii. Awahi kituoni, asifike pamoja na mpira. Mguu wa kushoto uguse ukingo wa kituo. Mpira aupokee kifuani kwa mikono miwili, glovu ikiwa wazi, kiganja kikiwa kama ukuta wa kuugonga mpira uingie mkono wa kulia. Ajisukume nyuma kwa mguu wa kushoto ule ule, auweke uzito kwenye mguu wa kulia, apige hatua ya kushoto kuelekea kituo cha kwanza, arushe. Akishaizoea hiyo ndipo ajifunze kukatiza mbele ya kituo.

Makosa yanayojirudia kwa wanaotoka shotstopu ni mawili. Wengine huunyooshea mpira mkono ili waupate mapema, na hapo kuutoa kwenye glovu kunachukua muda maradufu. Wengine huifunga glovu na kuubana mpira kabla ya kuutoa. Mpira ukibanwa, vidole vya mkono wa kulia havijui mishono iko wapi, na mrusho unakwenda chini.

Glovu nayo ina mchango mkubwa hapa. Ya kituo cha pili huwa ya inchi 11.25 hadi 11.5, yaani sentimita 28.6 hadi 29.2, yenye mfuko usio na kina. Ya shotstopu ni karibu 11.5; ya kituo cha tatu 11.75 hadi 12. Wazazi hupenda kununua kubwa ili mtoto "akulie". Msifanye hivyo. Ndani ya glovu kubwa mkono unautafuta mpira. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ikipotea, mkimbiaji wa ligi kuu ameshakwenda takriban sentimita 80, na wengi hufika salama kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Na kuhusu usalama: kituo cha pili ndipo miguu inapovunjikia. Katika mechi za mchujo za Oktoba 2015, Rubén Tejada wa New York Mets alivunjika mguu alipogongwa na mkimbiaji aliyeteleza. Tangu 2016 kanuni inamtaka mkimbiaji aanze kuteleza kabla ya kufika, awe anaweza kukifikia kituo, ajaribu kubaki hapo, na asibadili njia ili kumfuata mlinzi. Hatari imepungua, haijaisha. Dustin Pedroia wa Boston, mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2008, aliumizwa goti kituoni hapo Aprili 2017. Misimu ya 2018 na 2019 alicheza mechi tisa tu kwa jumla, na Februari 2021 akastaafu. Kijana afundishwe tangu sasa kutouacha mguu umeganda juu ya kituo baada ya kuupata mpira.

Tuje kwenye safari ya kazi. Kwa kuwa mnaishi Marekani na kijana anasoma sekondari huko, njia yake ni drafti, hata kama hajawa raia. Drafti inahusu wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Walio nje ya maeneo hayo ndio wanaosaini moja kwa moja kuanzia miaka 16. Tangu 2021 drafti ina raundi 20. Anaweza kuchaguliwa anapomaliza sekondari. Akiingia chuo cha miaka minne, hachaguliwi tena hadi amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Akiingia chuo cha miaka miwili, anaweza kuchaguliwa mwaka wowote.

Maoni yangu hapa hayana kificho: kama bonasi ya kusaini haiwezi kulipia chuo kizima na kubakiza akiba, aende chuo. Semien kapanda raundi 28 kwa miaka mitatu ya chuo. Msitegemee udhamini kamili, lakini. Kwa miaka mingi timu ya chuo cha daraja la kwanza ilikuwa na udhamini 11.7 wa kugawana wachezaji hadi 27, ndiyo maana wengi walipata sehemu tu ya ada. Tangu msimu wa 2025/26 vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya vina kikomo cha wachezaji 34 badala ya kikomo cha udhamini, lakini pesa inategemea chuo. Ombeni kiasi kwa maandishi. Na kabla ya kusaini karatasi yoyote ya wakala, muulizeni kwanza afisa wa kanuni wa chuo mnachokitaka, kwa sababu saini isiyo mahali pake inaweza kumfungia kijana mlango wa kuchezea chuo.

Akisaini, ataanzia ligi ndogo, zenye ngazi tano: kambi ya mafunzo, A ya chini, A ya juu, AA, na AAA. Ngazi ya AA ndiyo chujio kubwa, maana huko warushaji wanajua kumnyima mpigaji mpira anaoupenda. Makubaliano ya 2023 yaliweka mshahara wa chini wa mwaka kuwa dola 19,800 kambini, 26,200 na 27,300 kwenye ngazi mbili za A, 30,250 AA, na 35,800 AAA. Makazi hutolewa na timu kwa wachezaji walio wengi. Kodi inakatwa humo humo, kwa hiyo bonasi ya kusaini ndiyo akiba ya miaka hiyo. Asinunue gari nayo.

Ligi kuu ni dunia nyingine. Mshahara wa chini kwa 2026 ni dola 780,000, na mkataba wa pamoja wa ligi na wachezaji unamalizika Desemba 2026, kwa hiyo takwimu hizi zitabadilika. Timu ina orodha ya wachezaji 40, na kati yao 26 ndio wanaocheza. Aliye kwenye 40 anaweza kurudishwa ligi ndogo katika misimu mitatu bila timu nyingine kupewa nafasi ya kumchukua. Hapo ndipo walinzi wengi vijana wanapopanda na kushuka, huku wakilipwa kwa siku. Siku 172 kwenye ligi kuu zinahesabiwa mwaka mmoja. Kwa miaka mitatu ya kwanza timu ndiyo inayopanga mshahara. Baada ya hapo anaweza kwenda kwa msuluhishi aamue mshahara, na akitimiza miaka sita anakuwa mchezaji huru. Piga hesabu: aliyepanda akiwa na miaka 24 anakuwa huru akiwa na 30, umri ambao miguu ya shotstopu imeanza kupungua. Kwa hiyo anayeweza kulinda nafasi mbili au tatu ana soko kubwa kuliko anayejua moja. Ben Zobrist alicheza karibu nafasi zote za uwanjani, na mwaka 2016 akawa mchezaji bora wa fainali iliyowapa Chicago Cubs ubingwa.

Mashotstopu wakongwe wanaonyesha hilo hilo. Ernie Banks alihamia kituo cha kwanza mwaka 1962 kwa sababu ya magoti. Robin Yount alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1982 akiwa shotstopu. Bega likamsumbua, akaenda uwanja wa nje, na mwaka 1989 akawa mchezaji bora tena. Cal Ripken, mwenye mechi 2,632 mfululizo, alimalizia kituo cha tatu. Omar Vizquel ndiye aliyecheza mechi nyingi kuliko wote shotstopu, 2,709, lakini hata yeye miaka ya mwisho alikuwa akijazia nafasi mbalimbali, akastaafu 2012 akiwa na miaka 45. Derek Jeter aliyebaki shotstopu hadi miaka 40 ni mmoja kati ya wachache sana.

Kitu kimoja baba asikisahau ni rungu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mlinzi wa ndani, alisainiwa na Pittsburgh mwaka 2008 na akawa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kucheza ligi kuu, tarehe 26 Aprili 2017. Mara yake ya kwanza kupiga, aliupiga mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs, na kufika kituo cha kwanza. Glovu yake ilisifiwa kila ngazi aliyopita. Ila kupiga kulimpa shida muda wote. Alicheza mechi 28 mwaka huo, mwaka uliofuata Toronto mechi 13, basi. Glovu ndiyo iliyomfikisha, na rungu ndilo lililoshindwa kumbakiza. Kijana anayehamia kituo cha pili anapunguziwa mzigo wa mkono, na timu zitamdai zaidi katika kupiga. Kwa hiyo wiki ya mazoezi igawanywe kwa haki: asitumie siku zote kuomboleza shotstopu huku akipiga mipira michache jioni.

Kwa vipimo, wasaka vipaji hutumia alama 20 hadi 80, ambapo 50 ni wastani wa ligi kuu, katika mambo matano: kupiga, nguvu ya kupiga, mbio, ulinzi na mkono. Mbio hupimwa kwa yadi 60, yaani mita 54.9, sekunde 6.7 hadi 6.9 zinatosha kwa mlinzi wa kati, yaani shotstopu au wa kituo cha pili. Mpimeni kila baada ya miezi mitatu, mbio na kasi ya kurusha, mwandike na tarehe. Mtu akija na ahadi, muwe na namba zenu.

Na akifika huko juu hata kwa muda mfupi, kuna haki ambayo familia nyingi hazijui: siku 43 kwenye orodha ya ligi kuu zinampa haki ya pensheni, na siku moja tu inampa haki ya bima ya afya ya wachezaji wa zamani. Wakala kwa kawaida huchukua asilimia 4 hadi 5 ya mkataba; pensheni hiyo haimhusu, na karatasi zake kijana azihifadhi mwenyewe.